Eti "Gombea Wewe Basi"? Haya, Tusome Masharti

Nchi hii ina jibu moja la kumnyamazisha mtu yeyote anayelalamika. Ukisema mtaro wa mtaa wenu umeziba tangu mvua za mwaka juzi, ukiuliza basari za wadi zilikwenda kwa nani, ukishangaa kwa nini bunge la kaunti limesafiri tena "kujifunza", hakosi mtu wa kukuambia: "Kama wajua sana, si ugombee wewe!" Watu wanacheka, mazungumzo yanahamia kwenye mpira.

Jibu hilo linanikera kwa sababu anayelitoa hudhani kugombea ni jambo la kuamka asubuhi na kwenda. Mimi nimekaa na Katiba, Sheria ya Uchaguzi na maagizo ya IEBC nikayasoma jinsi ninavyosoma maelezo ya mfumo ambao mteja anataka tumtengenezee. Katika kazi yangu ya kuandika programu kuna swali ambalo huulizwa kabla ya mengine yote: mtumiaji wa kawaida, asiye na mjomba ofisini, ataanzia wapi na atakwama wapi? Nimeliuliza kwa kiti cha chini kabisa, kile cha mwakilishi wadi. Na nawaambia wazi kwamba kwenye karatasi mlango uko wazi. Umefungwa kwenye data.

Tuanze na karatasi. Kifungu cha 193 cha Katiba ya 2010 kinataka uwe mpiga kura aliyesajiliwa, utimize masharti ya elimu na maadili yaliyowekwa na sheria, na kisha uwe ama umeteuliwa na chama, ama unaungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo ikiwa unasimama mwenyewe. Hutakiwi kuwa afisa wa umma, hutakiwi kuwa umetangazwa muflisi na bado hujaondolewa hali hiyo, hutakiwi kuwa unatumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, na uwe raia kwa angalau miaka kumi. Sharti la digrii ambalo Bunge lilitaka kulitwika kila mtu lilitupwa na mahakama kabla ya uchaguzi wa 2022 kwa wabunge na wawakilishi wadi. Ada ya IEBC kwa mwaniaji wa wadi ilikuwa shilingi 5,000 mwaka huo, na nusu yake, yaani 2,500, kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Shilingi 2,500! Kuna watu hapa Nairobi wanaolipa zaidi ya hiyo kwa mwezi ili mtoto wao aangalie katuni kwenye intaneti. Kwa hiyo pesa za tume si tatizo.

Njia ya chama sitakaa nayo sana maana mnaijua. Vyama vikubwa mwaka 2022 vilidai ada zao wenyewe, makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwaniaji wa wadi, na hiyo ni ya kuingia tu kwenye mchujo. Halafu marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka 2022 yakaruhusu wazi kwamba chama kinaweza kuteua kwa kura ya wanachama wote au kwa kupitia wajumbe. Wajumbe ni akina nani, na nani aliwachagua? Ukipewa jibu lililonyooka, tafadhali nami nigawie. Kwa kijana asiye na mtu makao makuu ya chama, njia hiyo ni bahati nasibu ambayo tiketi yake ni ghali.

Ndiyo maana njia ya pili ni muhimu kuliko inavyoonekana. Wadogo zangu waliozaliwa baada ya 1991 hawajui kwamba kusimama bila chama hakukuwezekana kabisa katika nchi hii. Hadi Desemba 1991 chama kilikuwa kimoja tu, KANU, na mwaka 1988 watu walipanga mlolongo nyuma ya wagombea hadharani, tena kuna mahali ambapo mlolongo mfupi ulitangazwa mrefu. Hata vyama vingi viliporudi, katiba ya zamani iliendelea kumtaka kila mwaniaji awe na chama. Ni Katiba ya 2010, kifungu cha 85, iliyosema mtu anaweza kusimama peke yake. Na wako waliopita: Ndiritu Muriithi kule Laikipia na Mohamed Kuti kule Isiolo walichaguliwa magavana bila chama mwaka 2017, na Kawira Mwangaza kule Meru mwaka 2022. (Yaliyompata Kawira mikononi mwa bunge la kaunti baadaye ni habari nyingine, ingawa si mbali sana na hii.)

Sasa soma kifungu cha 85 polepole. Kinasema mgombea huru awe si mwanachama wa chama kilichosajiliwa, na asiwe amekuwa mwanachama kwa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya uchaguzi. Mtu mwenye akili ya kawaida ataona hili ni jepesi. "Mimi sijawahi kujiunga na chama chochote," atasema, "sina haja ya kutoka."

Hapo ndipo anapokwama. Swali la sheria haliulizwi wewe, linaulizwa sajili. Katika lugha ya kazi yetu, ukweli ni kile kilichoandikwa kwenye hifadhidata, na mwenye mwili na pumzi atajua mwenyewe. Juni 2021 Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa iliwawezesha Wakenya kuangalia kupitia eCitizen kama wameandikishwa kwenye chama. Mtandao ulichemka! Watu wa kila aina, wakiwemo waandishi wa habari na wanasheria, wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi hata kuvisikia. Mimi pia niliangalia. Nilikuwa mwanachama wa chama ambacho sitakitaja, ambacho sijawahi kuhudhuria mkutano wake wala kupewa hata fulana. Walikuwa na jina langu kamili na nambari ya kitambulisho bila kosa hata la herufi moja. Mama yangu mwenyewe hukosea jina langu la kati.

Kwa nini chama kinijaze mimi? Fuata hesabu. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inataka chama, ili kisajiliwe kikamilifu, kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 ambao ni wapiga kura, katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu. Kaunti ni 47, kwa hiyo ni kaunti 24, yaani watu 24,000. Kuwapata watu 24,000 kwa kuwashawishi ni kazi ya miaka na viatu vingi. Kuwapata kwa kunakili orodha ni kazi ya wikendi moja. Na orodha katika nchi hii zimejaa tele: kila wakala wa M-Pesa amekuwa na kitabu, kila mlinzi wa jengo la ofisi ana kitabu, na katika kila kitabu umeandika jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu kwa mkono wako mwenyewe. Ukimpa mtu motisha ya kudanganya, ukampa na malighafi ya kudanganyia, usiweke kizuizi chochote katikati, kisha ukashangaa kwamba amedanganya, basi tatizo ni wewe uliyebuni mfumo.

Tazama tofauti. Nikitaka kumtumia dada yangu shilingi 50 ya mandazi, lazima niingize namba ya siri, nione jina lake, nithibitishe, kisha sote wawili tupate ujumbe. Nikitaka kukopa shilingi 200 kwa simu, vivyo hivyo. Lakini kuniingiza kwenye chama cha siasa, jambo linalogusa haki yangu ya kugombea, hakukuhitaji kitu chochote kutoka kwangu. Hata ujumbe mfupi wa kusema "karibu" haukuja! Na hii ni nchi ambayo Katiba yake, kifungu cha 36, inasema mtu halazimishwi kujiunga na shirika la aina yoyote, na ambayo tangu 2019 ina Sheria ya Ulinzi wa Data inayozungumzia ridhaa kurasa kwa kurasa.

Halafu uone dawa waliyotupa. Dawa ni kujiuzulu. Unaandika barua kwa chama ambacho hukujiunga nacho, ukikiarifu kwamba unatoka mahali ambapo hukuwahi kuingia, na chama kinatakiwa kumjulisha Msajili ndani ya siku saba. Sasa fikiria mtu aligundua uanachama wake wa bandia mwezi mmoja kabla ya uchaguzi. Atajiuzulu leo, na kifungu cha 85 kitamhesabia kwamba alikuwa mwanachama mwezi uliopita. Itabidi akabishane mbele ya tume au mahakamani, na wakili wake akiwa na gharama, huku wenzake wakiwa kwenye kampeni. Mwizi ameiba, na aliyeibiwa ndiye anayeambiwa alete risiti.

Tuseme umepita hapo. Jina lako ni safi. Sasa tafuta watu 500.

"Watu 500 ni wachache," wataniambia. Haya, tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo inayoniudhi zaidi. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura 22,120,458 na wadi 1,450. Wastani ni kama wapiga kura 15,255 kwa wadi. Watu 500 kati yao ni zaidi kidogo ya asilimia 3. Mgombea huru wa urais anatakiwa kupata watu 2,000 katika kila moja ya kaunti 24, yaani 48,000, ambayo ni kama asilimia 0.2 ya wapiga kura wa nchi. Ukitazama kwa uwiano, anayetaka kusimamia mitaro na zahanati za wadi moja anabebeshwa mzigo mara kumi na tano wa yule anayetaka kuwa Amiri Jeshi Mkuu!

Kuna la kuchekesha zaidi. Kifungu cha 180 kinasema anayestahili kugombea ugavana ni yule anayestahili kugombea bunge la kaunti, kwa hiyo idadi yake ni ile ile 500, ila zinatoka kaunti nzima. Nairobi ina wadi 85 na ilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 2.4 mwaka 2022. Anayetaka ugavana wa wadi zote 85 anahitaji sahihi sawa na anayetaka wadi moja. Nenda upande wa pili, Lamu. Kaunti nzima ilikuwa na wapiga kura elfu 81 hivi, na wadi ni kumi. Hapo 500 ni kama asilimia 6 ya wadi ya wastani, na kuna wadi kama Basuba, kando ya msitu wa Boni, ambayo ni ndogo mno kuliko wastani huo. Aliyeandika 500 aliandika namba moja akaipachika kila mahali. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiniletea programu yenye namba iliyopachikwa hivyo ndani ya msimbo, namrudishia.

Na sahihi zenyewe si kukusanya tu. Kwa mujibu wa maagizo ya IEBC, wanaokuunga mkono wawe wapiga kura wa wadi hiyo, nao pia wasiwe wanachama wa chama chochote. Rudi sasa kwenye zile sajili zilizojazwa kwa orodha za kunakili. Unamwomba mama muuza mboga sahihi yake, anakupa kwa moyo mweupe, na wala hajui kwamba tangu mwaka fulani yeye ni mwanachama shupavu wa chama cha watu asiowajua. Wewe nawe hujui. Tatizo la kwanza limekufuata hadi la pili, mara 500.

Mwaka 2022 nilimsaidia rafiki aliyekuwa akitafuta kiti cha wadi bila chama. Kazi yangu ilikuwa orodha, kwa sababu ilitakiwa kwenye karatasi na pia kwenye faili ya Excel. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Jamani! Nambari za vitambulisho zilizoandikwa kwa kalamu juu ya goti, 1 ikifanana na 7. Sifuri za mwanzo ambazo Excel huzimeza bila kukuuliza. Mtu mmoja ameandika majina matatu kwa mpangilio mmoja kwenye fomu, na kwa mpangilio mwingine kwenye kitambulisho. Watu waliotia sahihi mara mbili kwa wema tu, leo kwenye kituo cha boda, kesho sokoni. Na kundi kubwa kuliko yote, wale wanaoishi katika wadi hiyo miaka kumi na tano, watoto wao wanasoma hapo, lakini walijisajili kupiga kura nyumbani ushago. Hao wote wanaondolewa. Ukitaka 500 zinazosimama, kusanya nyingi zaidi, na hujui ni nyingi kiasi gani mpaka mwisho.

Juu ya hayo, kanuni zilitaka nakala ya kitambulisho cha kila aliyetia sahihi. Mwombe mtu akupe nakala ya kitambulisho chake katika nchi ambayo nakala hiyo hufungulia laini ya simu na kuchukulia mkopo, uone atakavyokutazama. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2022 kwamba sharti hilo ni kinyume cha Katiba, na nawashukuru walioenda mahakamani. Lakini kumbuka kwamba lilihitaji kesi. Halikuonekana na aliyeliandika.

Kilichonigusa zaidi si Excel. Ni wale waliomwambia rafiki yangu, "Kura nitakupa, jina langu usiliandike." Walikuwa na sababu. Basari hupitia kwenye wadi, kibarua cha kusafisha barabara hupitia kwenye wadi, na mheshimiwa aliye madarakani ana watu wake kila kona. Kura ni ya siri, lakini sahihi ya kumuunga mkono mpinzani wake ina jina, kitambulisho na mahali unapopigia kura. Tumemtaka mgombea huru, asiye na chama cha kumlinda, aanze safari kwa kuwaanika majirani zake 500. Mwaniaji wa chama haombwi hilo. Cheti cha uteuzi cha chama kinatosha.

Najua yatakayosemwa. Kwanza, bila kizuizi karatasi ya kura itakuwa ndefu kama shuka. Nakubali kizuizi kiwepo. Weka asilimia moja ya wapiga kura wa wadi husika, ambayo kwa wastani ni watu 150 hivi, na kwa gavana nayo iwe asilimia inayofanana na uzito wa kiti. Hilo litahitaji kugusa Katiba, najua, si kazi ya mwaka mmoja. Pili, watasema vyama ndivyo nguzo ya demokrasia. Sawa, basi viwe na wanachama wa kweli. Chama ambacho sajili yake ina mimi ndani hakina haki ya kunihubiria juu ya nguzo.

Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji kura ya maamuzi wala marekebisho ya Katiba, na haya ni ya kwetu sisi watu wa kompyuta. Mtu asiingie kwenye sajili ya chama mpaka athibitishe kwa simu yake, kwa ujumbe na namba ya mara moja, kama benki zinavyofanya kila siku. Waliomo sasa wote watumiwe ujumbe, na asiyethibitisha kwa muda fulani aondolewe, na ihesabiwe kwamba hakuwahi kuwa mwanachama, si kwamba amejiuzulu. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo miezi mitatu ya kifungu cha 85. Kwa sahihi, IEBC ina mitambo ya KIEMS inayomtambua mpiga kura kwa kidole, na baada ya uchaguzi mitambo hiyo hulala ghalani. Iwekwe katika ofisi za tume za maeneo bunge. Mwenye kumuunga mkono mwaniaji aende, aweke kidole, achague jina, aondoke. Mwaniaji aone idadi tu, asione majina. Nambari haitakosewa, hakuna atakayehesabiwa mara mbili, na mama wa mboga hatakuwa kwenye faili inayozunguka mtaani kwa kifaa cha USB. Hakuna teknolojia ngeni hapo. Watoto wa vyuo vyetu huandika mifumo migumu kuliko huo kama mradi wa mwaka wa mwisho.

Na nyinyi wenzangu wa msimbo, mnaokwenda kwenye mashindano ya wikendi kutengeneza programu ya kumi na moja ya kuagiza chipsi: kila uchaguzi mnaandika programu za kuonyesha matokeo kwa ramani zenye rangi nzuri. Nzuri sana. Lakini matokeo ni mwisho wa bomba. Ni nani ameandika kitu cha kumsaidia mwaniaji kusafisha orodha yake, kunasa nambari zilizorudiwa, kulinda sifuri zisimezwe? Mimi ninacho kipande kidogo nilichokiandika usiku ule wa 2022, ni kibaya kukitazama lakini kinafanya kazi, na ninakipanga upya nikitoe bure.

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne ya Agosti 10, 2027. Kama una wazo la kusimama bila chama, hata kama ni wazo la kunong'ona tu, ingia eCitizen wiki hii uangalie kama kuna chama kimekubeba. Ukikuta kimekubeba, usiridhike na kubofya tu. Andika barua ya kujitoa, useme wazi ndani yake kwamba hukuwahi kujiunga, uipeleke kwa chama na nakala kwa Msajili, ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, kisha baada ya wiki mbili uangalie tena uone kama jina limetoka, na upige picha ya skrini yenye tarehe. Yote hayo yawe yamekamilika kabla ya Mei 10, 2027. Na wale marafiki watano unaowategemea kuwa wa kwanza kukutilia sahihi, waambie nao waangalie.